Bunduki ya kuazima ilivyompa Emmons dhahabu

ATHENS, Agosti 2004. Fainali ya bunduki mita 50, mtindo wa kulala kifudifudi. Mmarekani Matthew Emmons anamaliza na pointi 703.3, anamwacha Mjerumani Christian Lusch kwa pointi 1.1 na kubeba medali ya dhahabu. Hadi hapo ni stori ya kawaida ya Olimpiki. Kilichowaacha watu midomo wazi ni kwamba chuma alichokuwa nacho mkononi hakikuwa chake.

Miezi michache nyuma, kwenye kituo cha mazoezi cha Olimpiki kule Colorado Springs, kuna mtu aliifikia bunduki ya Emmons na kuuharibu mtutu wake kwa ndani. Jamaa aligundua alipoanza kufyatua na risasi zikawa zinakwenda zinakotaka zenyewe. Mechi za mchujo zilikuwa zimeshafika. Akaazima bunduki ya mchezaji mwenzake wa zamani wa chuo, akafuzu nayo, akaenda nayo Ugiriki.

Kwenye soka ungesema ni straika aliyechaniwa viatu vyumbani, akavaa vya mwenzake na kupiga 'hat-trick'. Ila kwa walenga shabaha ishu ni nzito zaidi, maana kiatu ukikivaa kinakukaa au hakikukai, basi. Bunduki ya mtu mwingine inakuja na jicho la mtu mwingine.

VILENGEO BILA DARUBINI

Wengi wanadhani wale mastaa wa Olimpiki wanatumia darubini kama za kwenye sinema. Hapana. Kwenye mita 10 na mita 50 darubini ni marufuku. Kinachotumika ni vilengeo viwili vya chuma. Mbele, karibu na ncha ya mtutu, kuna bomba fupi lenye kipete ndani yake. Nyuma, karibu na jicho, kuna kidude chenye tundu dogo sana. Mchezaji anachungulia kwenye tundu, anaiweka ile duara nyeusi ya shabaha katikati ya kipete, anafyatua.

Kilengeo cha nyuma kina vitasa viwili vya kuzungusha, kimoja cha juu na chini, kingine cha kushoto na kulia. Kila hatua inalia 'tik'. Tik moja ikizidi, habari imebadilika. Kwenye mita 50 duara ya 10 ina kipenyo cha milimita 10.4, sawa na ukucha wa kidole cha mwisho. Kwenye bunduki ya upepo ya mita 10 ndiyo balaa kabisa, 10 ni nukta ya nusu milimita. Yaani kidoa cha kalamu.

Muulize Abhinav Bindra wa India. Beijing, Agosti 11, 2008, fainali ya bunduki ya upepo. Anapiga risasi ya majaribio kabla fainali haijaanza, inatua kwenye 4. Mtu aliyetoka kupata 596 kati ya 600 kwenye hatua ya awali hapigi 4. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliamini kuna mtu aliyekichezea kilengeo chake wakati wa mapumziko.

Hakukuwa na muda wa kulalamika kwa refa. Bindra akaanza kuzungusha vitasa, tik baada ya tik, akikirudisha kilengeo mahali pake ndani ya dakika chache zilizobaki. Ikaja lala salama, yeye na Henri Häkkinen wa Finland wamelingana, imebaki risasi moja. Häkkinen akapata 9.7. Bindra akapata 10.8. Jumla 700.5, na India ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mchezaji mmoja mmoja tangu ianze kushiriki Olimpiki.

KIPA NAMBA MBILI WA BEI POA

Ndiyo maana mchezaji makini hasafiri na kilengeo kimoja. Bunduki inapigwapigwa kwenye mizigo ya ndege, inaanguka, skrubu zinalegea. Cha akiba kinakaa kwenye begi kama kipa namba mbili, mechi 30 hachezi, ya 31 unamwomba Mungu awe amefanya mazoezi.

Na hapa ndipo wengi wanapoliwa hela. Vilengeo vya daraja la juu kutoka kwa watengenezaji wa Ujerumani vina mbwembwe kibao, kuna vioo vya rangi vya kupunguza mwanga, kuna tundu linalopanuka na kusinyaa, kuna hiki na kile. Kwa kilengeo cha akiba, vioo vya rangi havina haraka. Kilichotumika, kilichonunuliwa kwa mchezaji anayestaafu, kinatosha kabisa mradi vitasa vyake havidanganyi.

Kujua kama vinadanganya hakuhitaji fundi. Unapiga risasi kadhaa, unazungusha tik kumi kulia, unapiga tena, unarudisha tik kumi kushoto, unapiga. Risasi zikirudi pale pale zilipoanzia, umepata mchezaji. Zisiporudi, hata ukipewa bure kiache. Unafanya hivyo hivyo kwa juu na chini.

Halafu kikae sawa kwenye reli ya bunduki yako, na kimo chake kilingane na kile cha kwanza. Hili watu wanalipuuza sana. Kikizidi kimo kidogo tu, shingo inanyanyuka, shavu linahama kwenye kitako cha bunduki, na mkao ulioujenga kwa miaka unavurugika dakika ya kwanza. Ukishakipata, kilenge kabisa mazoezini na namba za vitasa uziandike kwenye daftari. Kilengeo cha akiba kisichowahi kufyatuliwa nacho ni uzito tu wa begi.

Wale wa baiathloni, mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha, wanalijua hili kuliko wote. Wanadondoka na bunduki mgongoni huku theluji inamwagika, kwa hiyo vilengeo vyao vina vifuniko vya kufunika na kufunua. Na timu huweka bunduki za akiba uwanjani, bunduki ikivunjika mchezaji anabadilishiwa na mbio zinaendelea.

Kuna watakaosema mbona Yusuf Dikeç wa Uturuki alikwenda Paris 2024 na miwani ya kawaida, mkono mfukoni, akarudi na fedha? Kweli, na dunia nzima ilimpenda. Lakini yule alikuwa kwenye bastola, alikuwa na miaka 51, na ilikuwa Olimpiki yake ya tano. Usimwige wiki ya kwanza.

RISASI YA MWISHO

Turudi Athens. Siku mbili baada ya dhahabu yake, Emmons alikuwa tena fainali, safari hii kwenye mikao mitatu. Anaongoza kwa pointi tatu, imebaki risasi moja. Ilihitajika risasi ya kawaida tu. Akalenga, akafyatua. Ubao ukakaa kimya.

Vilengeo havikuwa na tatizo. Mtutu haukuwa na tatizo. Risasi ilikwenda ilikoelekezwa na kupata 8.1, lakini kwenye shabaha ya mtu wa jirani. Emmons alikuwa njia namba mbili, shabaha aliyoipiga ilikuwa ya namba tatu, ya Mwaustria Christian Planer. Akapewa sifuri, akaporomoka hadi nafasi ya nane, na dhahabu ikaenda kwa Jia Zhanbo wa China.

Jioni hiyo alikuwa amekaa kwenye baa ya wazi, akafuatwa na binti wa Jamhuri ya Czech, Kateřina Kůrková, aliyekuwa ameshinda shaba kwenye bunduki ya upepo michezo hiyo hiyo. Alikuja na baba yake kumpa pole. Mwaka 2007 wakafunga ndoa, na mwaka uliofuata kule Beijing ni mke aliyechukua dhahabu ya kwanza ya michezo yote. Mume, akiongoza tena hadi risasi ya mwisho, aligusa triga mapema, akapata 4.4 na kumaliza wa nne.