Jinsi urefu wa aota unavyopimwa kabla ya kuchagua kifaa

Aota ndiyo mshipa mkubwa kuliko yote mwilini. Huanzia upande wa kushoto wa moyo, hupanda kidogo kifuani, hujikunja, kisha hushuka mbele ya uti wa mgongo hadi usawa wa kitovu, ambako hugawanyika kuwa mishipa miwili ya kwenda miguuni. Njiani hutoa matawi ya kichwani, mikononi, ini, matumbo na figo. Umbali kati ya tawi moja na jingine ndio unaoamua ni kifaa gani kitaingia humo bila kuziba njia ya damu.

Vifaa vinavyohusika ni vya namna tatu. Kipo kitambaa kilichoshikwa na waya, kinachopitishwa kinenani ili kuzibia kwa ndani sehemu ya aota iliyotanuka; Nikolai Volodos alikitumia Kharkiv, Ukraine, mwaka 1987, na Juan Parodi akafanya hivyo Buenos Aires mwaka 1990. Lipo puto la kuusaidia moyo uliochoka, ambalo likiwa refu mno huziba matawi ya figo na matumbo kila linapojaa. Na lipo puto la kuzuia damu kwa majeruhi, ambalo daktari wa jeshi la Marekani, Hughes, aliandika habari zake mwaka 1954 baada ya vita vya Korea.

Kipimo kinachotegemewa ni CT-Scan yenye dawa ya kung'arisha mishipa. Kabla ya kuchomwa dawa hiyo mgonjwa hupimwa figo, kwa kuwa inaweza kuzidhuru. Picha hukatwa vipande vyembamba, milimita moja hivi kila kimoja. Ultrasaundi ni nafuu na huonyesha vizuri upana wa aota tumboni: ukifika sentimita 3 mshipa huhesabiwa umetanuka, na kwa mwanamume ukifika 5.5 madaktari hufikiria kuutengeneza. Lakini kwa urefu haitoshi, maana hewa ya matumbo huficha sehemu ya mshipa.

Kosa la kawaida ni kuhesabu vipande vya picha kutoka juu hadi chini na kuzidisha kwa unene wake. Hesabu hiyo hutoa umbali ulionyooka, ilhali aota ya mtu mzima, hasa mwenye shinikizo la damu la miaka mingi, hurefuka na kujikunja. Mchimbaji wa madini wa Buseresere, Kanda ya Ziwa, anajua kwamba kamba ya kupimia duara (shimo la mgodi) lililopinda hufuata kona zake, na kompyuta hufanya vivyo hivyo: hutafuta kitovu cha mshipa katika kila kipande, huunganisha vitovu hivyo kuwa mstari mmoja, kisha huunyoosha na kuupima. Hata hapo daktari hana budi kutumia akili yake. Kwenye mkunjo wa kifuani kifaa kigumu hulalia ukuta wa nje, ambao ni mrefu kuliko mstari wa katikati. Kifaa kikipungua, sehemu iliyotanuka hubaki wazi; kikizidi, hufunika tawi linalohitajika.

Kwa majeruhi hali ni nyingine. Kijana aliyefukiwa na kifusi duarani, au aliyevunjika nyonga kwenye ajali ya bodaboda barabara ya Katoro, anaweza kufa kwa damu inayovujia ndani kabla ya mashine ya CT-Scan kuwashwa. Puto likitumika hapo, kina cha kuliingiza hukadiriwa kwa alama za nje ya mwili. Makadirio hayo yametokana na CT-Scan za watu waliopimwa kwa sababu nyingine: watafiti walilinganisha urefu wa aota na ule wa kiwiliwili, kutoka shimo la shingo hadi mfupa wa kinena. Kiwiliwili ni kipimo kinachofaa kuliko kimo, kwa sababu miguu mirefu haiongezi chochote kwenye aota. Puto lenyewe si mchezo: likikaa muda mrefu, viungo vya chini yake hufa kwa kukosa damu, hivyo halina maana pasipo daktari wa upasuaji karibu.

Mgonjwa wa aota kutoka Buseresere kwa kawaida hupitia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato au Bugando jijini Mwanza, na akihitaji zaidi huelekezwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Anayepanga kifaa huko hawezi kupima urefu kwa kusoma ripoti ya ukurasa mmoja, wala kwa filamu iliyotundikwa kwenye taa. Anahitaji picha zote za kidijitali, vipande vyote, zikiwa na dawa. Basi ndugu wanaomsindikiza mgonjwa wa rufaa waombe CD ya picha hizo kabla ya kuondoka hospitalini. Na picha ambazo tayari zimo kwenye kompyuta za hospitali za Kanda ya Ziwa zinastahili kupimwa pia, ili makadirio ya kiwiliwili yatokane na miili ya watu wa huku bila kumwongezea mgonjwa yeyote mionzi.