Uziwi wa Ghafula na Mashaka ya Moyo

Leo twazungumza habari za mtu aliyelala akisikia vizuri, naye akaamka asubuhi sikio moja limekufa. Hakupigwa, wala hakuumwa. Pengine sikio lavuma kama bahari, na kichwa chazunguka.

Madaktari huita uziwi wa ghafula ule unaoingia katika muda wa siku 3 au chini yake. Ujerumani una jina lake, Hörsturz, yaani kuanguka kwa kusikia, na watu wengi wa huko wakilisikia huuliza mara moja: "Je, alikuwa na kazi nyingi mno?" Husemwa ati ni ugonjwa wa wenye pupa, wasiojua kustarehe.

Je, ni kweli? Wataalamu wamewauliza wagonjwa habari za misiba yao, usingizi wao na tabia zao, na mara nyingi wamewaona wana wasiwasi kuliko watu wengine. Lakini tazameni jambo moja. Mtu huyu aliulizwa lini? Alipokwisha kuwa kiziwi! Hajalala kwa ule mvumo, hasikii vema asemalo mkewe, na aogopa sikio la pili lisije likafuata. Ukimwuliza habari za mwaka uliopita atakumbuka kila ugomvi na kila deni, maana anatafuta sababu. Basi wasiwasi ulileta uziwi, au uziwi ulileta wasiwasi? Maswali ya namna hiyo hayawezi kutuambia. Kwa wagonjwa walio wengi, karibu 9 katika kila 10, sababu hasa haipatikani. Mimi naona si haki kumwambia mtu kuwa tabia yake ndiyo iliyomponza.

Tena iko hatari. Akiambiwa, "Ni uchovu tu, pumzika," atakaa nyumbani mwezi mzima. Wengine hupona wenyewe, ni kweli. Lakini dawa za jamii ya steroidi, ambazo madaktari hujaribu, hutarajiwa kufaa zaidi zikianzwa mapema, hasa katika majuma 2 ya kwanza. Wengine hudhani ni nta tu, wakachokoa sikio kwa kijiti.

Hebu zibeni sikio moja kwa kidole, mfumbe midomo, mvumishe sauti: "mmmm." Yasikika wapi zaidi? Katika sikio lililozibwa. Ndivyo ilivyo kwa mwenye nta. Lakini neva ya kusikia ikidhurika, sauti huhamia upande wa sikio zima. Daktari hupima vivyo hivyo kwa chuma chenye panda mbili kama manati: hukigonga, akakiweka penye paji la uso. Jaribio lenu la nyumbani halitoshi. Aliyepatwa aende hospitali siku ile ile.

Nanyi jamaa zake, mkimwita asiitike, au akageuka upande usio wenu, msidhani amekuwa na kiburi. Mwenye sikio moja hajui sauti yatoka wapi. Kaeni upande wa sikio zima, mseme naye polepole.

Kwaherini mpaka juma lijalo, tutakapozungumza habari za masikio ya watoto.