Sponji ya Kijani Iliyowakosesha Vijana Ujira: Zana na Dawa za Kusafishia Vioo Hapa Pwani



Jumamosi moja baada ya alasiri, mtoto wa jirani alinijia barazani uso umemshuka. "Ami," akaniambia, "tumefanya kazi siku mbili na tajiri hataki kutulipa." Yeye na wenzake watatu walikuwa wamepata kazi ya kuosha madirisha ya nyumba ya ghorofa tatu inayotazama bahari, huko Nyali. Ndiyo iliyokuwa kazi yao kubwa ya kwanza. Madoa meupe yalipokataa kutoka, wakachukua sponji ya kijani ya kuoshea sufuria pamoja na sabuni ya unga, wakasugua kwa nguvu zote. Asubuhi ya pili jua lilipopiga, vioo sita vilikuwa na mikwaruzo kama utando wa buibui. Ujira ukazuiliwa, na juu yake wakatakiwa walipe vioo.

Sikumkaripia. Mimi mwenyewe, na stashahada yangu ya huduma za hoteli, niliwahi kukwaruza mlango mzima wa kioo katika mwaka wangu wa kwanza kazini, na nikakatwa mshahara. Darasani tulifunzwa kutandika vitanda na kupanga meza. Kioo nilikijua kwa hasara. Kwa kuwa vijana wetu wengi sasa wanaitafuta riziki katika kazi hii, hapa nyumbani na hata Ghuba, nimeona niandike ninayoyajua.

Kwanza, ujue uchafu wenyewe

Kioo cha Pwani kina adui watatu. Wa kwanza ni chumvi inayoletwa na upepo wa bahari. Hiyo huyeyuka kwa maji matamu tu, haihitaji kusuguliwa. Wa pili ni vumbi na mchanga. Kioo cha kawaida kina ugumu wa kama 5.5 katika kipimo cha Mohs, na punje nyingi za mchanga zina ugumu wa 7. Maana yake ni kwamba punje moja iliyonaswa chini ya kitambaa inatosha kuchora kioo. Ndiyo maana kazi ya kwanza siku zote ni kumwagia maji na kusuuza, wala si kupangusa kikavu.

Wa tatu ndiye mkaidi: madoa meupe ya maji. Visima vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa nyingi. Yakirushwa na mpira wa bustani na kukaukia kwenye kioo, maji huondoka na chokaa hubaki. Doa hili halitolewi kwa nguvu ya mkono, hutolewa kwa dawa. Hapo ndipo vijana wangu walipokosea.

Zana za kusugulia

Sponji ya kijani ina chembe ngumu zilizogandishwa ndani yake makusudi ili zikwangue. Ni ya sufuria, si ya kioo. Waya wa kawaida wa jikoni ni vivyo hivyo.

Cha kutumia kila siku ni mkono wenye umbo la T uliovishwa kitambaa cha manyoya. Hicho hubeba maji mengi na kulegeza uchafu bila kukwaruza. Baada yake inafuata raba ya kukaushia, ile mafundi wanayoiita skwiji. Iliyo nyepesi tunayoitumia leo ilitokana na kazi ya Ettore Steccone, Muitaliano aliyehamia Oakland, Marekani, na kuibuni mwaka 1936. Umbo lake halijabadilika sana, kwa sababu linafanya kazi. Upana wa sentimita 35 unatosha madirisha mengi. Uti wa raba ukishaviringika ncha, ugeuze upande wa pili au ununue mwingine. Raba iliyochoka ndiyo huacha mistari, kisha watu wakailaumu sabuni.

Madirisha ya luva, ambayo bado ni mengi mitaani kwetu, hayakubali skwiji. Hayo yafute kipande kwa kipande kwa kitambaa cha maikrofaiba. Usikifue kitambaa hicho kwa dawa ya kulainishia nguo, kwani huacha mafuta yanayohamia kwenye kioo. Gazeti la zamani linafaa nyumbani kwako, lakini kwa kazi ya kulipwa wino wake utachafua fremu nyeupe za watu.

Rangi iliyodondoka na gundi hutolewa kwa wembe wa kukwangulia. Kioo kiwe kimelowa sabuni, wembe uwe mpya, nao usukumwe mbele tu. Ukiurudisha nyuma ukiwa umegusa kioo, unaburuta uchafu ulionaswa chini yake. Kwa hewa yetu ya chumvi wembe unaweza kuota kutu usiku mmoja, basi ulioota kutu utupe. Kioo kilichotiwa ugumu kiwandani, ambacho mara nyingi huwa na muhuri mdogo pembeni, kinaweza kuwa na chembe zilizogandia usoni. Wembe ukizing'oa huziburuta na kukichora chote. Hicho usikipitishie wembe bila idhini ya mwenyewe.

Upo pia waya laini kabisa wa daraja la sufuri nne (0000), ambao mafundi hutumia kwenye kioo cha kawaida kikiwa kimelowa. Usiuguse kwenye kioo cha tinti wala kilichopakwa utando maalumu. Ukishautumia, suuza fremu na kizingiti vizuri, maana vipande vyake vikibaki huota kutu na kuacha madoa ya hudhurungi.

Dawa

Kwa kuosha kwa kawaida, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika ndoo ya lita 10 kinatosha. Povu jingi si usafi, ni kazi ya ziada ya kusuuza. Sabuni ya kipande iache kabisa. Ikikutana na maji ya kisima hugeuka utando mweupe unaoganda, na utakuwa umeongeza uchafu ulioitwa kuuondoa. Maji ya mwisho ya kusuuzia yawe matamu, hata kama ni mtungi mmoja wa lita 20 wa kununua.

Kwa madoa ya chokaa, tumia siki nyeupe ya dukani iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa. Lowesha kitambaa, kibandike juu ya doa kwa dakika 10, sugua taratibu kwa kitambaa laini, kisha suuza. Doa zito rudia mara mbili au tatu. Lakini tahadhari: siki hula chokaa popote iikutapo. Katika nyumba zetu za Mji wa Kale au Lamu, ikichuruzikia ukuta uliopakwa chokaa au sakafu ya marumaru, umeharibu. Tandika taulo chini ya dirisha kwanza.

Dawa kali za chooni zenye asidi msizilete kwenye madirisha. Zinaunguza fremu za alumini. Dawa zenye amonia zisiguse karatasi ya tinti, huiharibu. Na hili lishikeni sana: jiki haichanganywi na siki, wala na dawa ya choo yenye asidi, wala na amonia. Hutoka gesi ya sumu inayochoma mapafu, na ndani ya chumba kilichofungwa inaweza kuua.

Saa na makubaliano

Msioshe kioo kinachopigwa na jua. Maji yatakauka kabla ya skwiji kufika. Upande wa bahari jua hupiga asubuhi, kwa hiyo uacheni hadi baada ya adhuhuri, na asubuhi mshughulikie upande wa barabarani.

Kabla ya kulowesha chochote, zungukeni na mwenye nyumba. Mkwaruzo uliokuwepo upigeni picha. Jaribuni zana na dawa kwenye pembe moja ndogo, kikauke, mtazame pamoja. Yako madoa ya miaka mingi ambayo yameshakila kioo chenyewe. Hayo hayatoki kwa kuoshwa, na ni heri umwambie mapema kuliko kumwahidi kisha ukasugua kwa hasira. Mali bila daftari huisha bila habari, basi bei na masharti yaandikwe. Na dirisha la ghorofani lisilofikika kutoka ndani bila kuning'inia, kataeni mpaka mpate mshipi na kamba za usalama na mtu anayejua kuzifunga. Hakuna ujira unaolingana na uhai.

Nilifuatana na vijana wale kwa mwenye nyumba. Alikuwa na hasira, lakini alitusikiliza. Tukasuluhisha: wao wakaachilia ujira wa siku mbili, yeye akaachilia vioo. Wakaomba wamalizie upande uliobaki, kwa siki na kitambaa, naye akasimama akitazama. Siku hiyo aliwapa nauli na chakula cha mchana.

Juzi nilimuona mtoto wa jirani akipita na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya maji matamu. Nikamuuliza sponji ya kijani iko wapi. "Nimempa mama ya sufuria, Ami," akanijibu.