Salikoko Mufwene: maana ya neno iko kwa wale wanaolitumia

Mwezi wa Novemba 2023, mwana Kongo mmoja alisimama pale Collège de France, mjini Paris, kufungua masomo yake ya mwaka katika kiti kinachoitwa «Mondes francophones». Jina lake Salikoko Mufwene. Si mwanasiasa, si mwanamuziki. Ni profesa wa lugha. Sisi wa sendika ya wachimbaji hapa Kabondo tumeona vema kumweleza kwa wasomaji, kwa kuwa kazi yake inagusa mambo yanayotupata kila siku.

Mufwene alizaliwa mwaka 1947 huko Mbaya-Lareme, magharibi ya nchi. Lugha ya kwao ni Kiyansi. Mageuzi ya 1971 yaliunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi, pamoja na hiki chetu cha Kisangani, vikawa UNAZA, na masomo ya Lettres yakapelekwa Lubumbashi. Ndiyo maana kijana yule alimaliza lisansi yake ya Kiingereza katika mji wa shaba, mwaka 1973. Akaenda Marekani, na mwaka 1979 akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Chicago. Tezi yake ilihusu maana: namna maneno yanavyojipanga pamoja kufuatana na maana yao.

Kisha akafundisha Jamaica, halafu miaka kumi hivi katika jimbo la Georgia, na mwishoni akarudi Chicago kama profesa. Huko Jamaica alikutana na krioli, lugha iliyozaliwa katika mashamba ya watumwa. Huko Georgia akachunguza Kigullah, lugha ya watu weusi wa pwani. Watu wengi walikuwa wanaziita lugha hizo Kiingereza kilichovunjika. Mufwene alikataa. Alionyesha kwamba krioli zilizaliwa kwa njia ile ile ya lugha zingine. Hata Kifaransa kimetoka katika Kilatini cha watu wa kawaida, waliokisema kwa namna yao. Kitabu chake cha 2001, The Ecology of Language Evolution, kinaeleza hayo kwa urefu.

Wazo lake kubwa si gumu. Lugha haina miguu, haitembei yenyewe. Inaishi kwa wasemaji. Kila mtu anachagua maneno kufuatana na anayezungumza naye na anachotafuta, na machaguo ya watu wengi yakijumlishwa, lugha inageuka.

Tuangalie kwetu. Kiswahili kilifika hapa na wafanyabiashara waliotoka Zanzibar na Maniema, na mwaka 1887 Tippu Tip akafanywa gavana wa Stanley Falls. Lingala ikaja na mto na askari. Leo mtoto wa Kabondo mwenye babu Mlokele, Mtopoke ao Mkumu anacheza barabarani kwa Kiswahili na Lingala. Je, ni Kifaransa kilichokula Kilokele? Mufwene anajibu kwamba katika Afrika lugha za Ulaya zilibaki kwa watu wachache, na lugha za vijiji zinasukumwa zaidi na lugha za miji, kwa sababu mjini ndiko watu wanatafuta chakula. Basi Kiswahili ya kwetu, yenye kusema «tuko na kazi», si kosa la kuonea haya. Ni lugha ya watu wenye kuishi pamoja.

Lakini kuna jambo linalouma zaidi. Katika machimbo ya almasi na dhahabu ya Tshopo, mwenye mali anatoa pesa na kuziita «avance». Mchimbaji anasikia: ni mshahara unaotangulia. Mwenye mali anamaanisha: ni deni, utalilipa kwa mawe kwa bei nitakayosema mimi. Neno moja, maana mbili. Na siku ya ugomvi, maana ya mwenye karatasi ndiyo inashinda. Tumeona wenzetu wakitoka shimoni baada ya miezi, bado wako na deni. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka mchimbaji wa mikono awe katika koperative. Hiyo ni vema, lakini kanuni za koperative zinaandikwa kwa Kifaransa, na wengi wanatia kidole bila kujua wamekubali nini.

Kwa hiyo tunaomba vitu vitatu. Kila mapatano yasomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na Lingala, mbele ya sahihi. Kila neno la pesa lielezwe kwa mfano wa hesabu. Na mchimbaji abaki na nakala yake mkononi.

Kuna wataalamu wanaomlaumu Mufwene kwamba halii vya kutosha juu ya lugha zinazokufa. Wazee wetu pia wanaumia, wajukuu wakishindwa kuwajibu. Lakini sisi tunamwelewa. Mtu haachi lugha yake kwa kuichukia. Anafuata kazi. Mwenye kutaka Kilokele kiishi, aanze kwa kuuliza kama Mlokele anaweza kula kwa jasho lake pale kijijini, bila kukimbilia shimo la mtu mwingine.