Lushoto Ilinipimia Mchumba

Ilikuwa imebaki miezi miwili tufunge ndoa, na maongezi yetu yote yalikuwa kamati na michango. Nikamwambia, baba, tutoke Dar, twende tukaendeshe baiskeli milimani.

Tuliondoka Lushoto mjini asubuhi na mapema kwenda Mtae, kama kilomita 60, sehemu kubwa vumbi na changarawe. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usidharau koti. Kupanda msitu wa Magamba ni shughuli pevu! Mwenzangu akakanyaga, akapotea konani bila hata kugeuka. Mimi nikashuka, nikakokota, moyoni nikiirudisha pete.

Karibu na Lukozi nikamkuta amekaa kando ya njia, kiwiko kimechubuka. Alijaza upepo kama wa lami. Kwenye changarawe tairi gumu linadunda na kuteleza. Tyubu nayo ilikuwa imetoboka. Pampu na viraka? Kwenye begi langu. Alikuwa amenisubiri karibu saa nzima, na sikumwonea huruma hata kidogo.

Tukaziba, tukapunguza upepo, tukakubaliana mimi nitangulie. (Wapenzi, mwenye mwendo mdogo ndiye aongoze.) Ndipo akaanza kuongea, nyuma yangu, bila kuniona usoni: alikuwa amekopa pesa za harusi, nyingi, na alikuwa hapati usingizi.

Tulifika Mtae jua linazama, tambarare za Mkomazi ziko chini kabisa. Usiku huohuo tukakata wageni 150.