Betri ya volti 12.6 inapokataa kuwasha gari

TUSEME, mpenzi msomaji, kwamba unaishi Ruiru na una kigari kikuukuu kinachokusaidia katika shughuli za nyumbani. Betri yake imechoka. Jumamosi moja unashika njia hadi Thika, mwendo wa kilomita 20 hivi, kutafuta betri iliyotumika lakini ambayo bado ina uhai. Muuzaji anatoa mita yake, anagusisha nyaya kwenye ncha mbili za betri, na namba inatokea: 12.6. "Hii ni kama mpya," anakuambia. Unalipa na kurudi nyumbani umefurahi, kwa kuwa umeokoa pesa za karo.

Wiki moja baadaye, saa tisa za usiku katika baridi ya Julai, mtoto anabanwa na kifua. Unamfunika blanketi, unamlaza kwenye kiti cha nyuma na kuzungusha ufunguo. Gari linalia tik-tik-tik, taa zinafifia, kisha kimya. Inabidi majirani waamshwe walisukume. Kesho yake, mtoto akiwa amekwisha kupata nafuu, unaazima mita na kuipima betri ile. Namba ni ile ile: 12.6!

Je, mita ilidanganya? Hasha. Mita ilisema kweli, ila iliulizwa swali lisilofaa.

Mwizi wa ndani

Betri ya kawaida ya gari ina vyumba sita. Katika kila chumba mna bamba za risasi zilizozama ndani ya asidi, na kemikali hizo hutoa msukumo wa umeme wa volti 2.1 hivi. Zidisha mara sita, unapata 12.6. Huo ndio msukumo kamili wa betri.

Lakini kabla ya umeme kutoka nje, sharti kwanza upite ndani ya betri yenyewe: katika asidi, katika bamba na katika viungo vyake. Njia hiyo huuzuia kiasi fulani. Kizuizi hicho huitwa ukinzani wa ndani, nao hupimwa kwa omu, kipimo kilichopewa jina la Georg Ohm, Mjerumani aliyechapisha kanuni yake ya umeme mwaka 1827. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Sehemu ya msukumo huliwa humo humo ndani na kugeuka joto, na kinachobaki kwenye ncha za betri ndicho kinachofikia stata.

Fikiria tangi la maji juu ya paa, na bomba lililojaa kutu. Bomba likiwa limefungwa, maji hutulia na kanieneo huwa kamili, hata ungedhani hakuna kasoro. Fungua mfereji ndipo uone: maji yanadondoka tone moja moja. Tangi limejaa, lakini njia ni mbovu. Hali kadhalika, betri isiyotumiwa haipotezi kitu. Ndiyo maana betri mbovu na betri nzima zaweza kuonyesha namba moja zikiwa zimekaa tu juu ya meza ya muuzaji.

Hesabu yenyewe

Wanafunzi wa fizikia wanaijua kanuni hii: V = E − Ir. E ni msukumo kamili, I ni mkondo wa umeme kwa ampea, r ni ukinzani wa ndani, na V ni volti zinazobaki kwenye ncha.

Chukua betri nzima yenye ukinzani wa omu 0.01. Stata ikivuta ampea 200, volti zinazoliwa ndani ni 200 mara 0.01, yaani 2. Zinabaki 10.6, na gari linawaka bila taabu.

Sasa chukua betri iliyochoka, ambayo ukinzani wake umefika omu 0.05. Stata ile ile haiwezi tena kupata ampea 200. Itapata 122 hivi. Volti zinazoliwa ndani ni kama 6.1, na zinazobaki ni 6.5 tu. Karibu nusu ya msukumo imepotea kabla haijatoka nje! Hapo ndipo utasikia tik-tik-tik.

Mawe ya tochi

Jambo hili si geni nyumbani kwako. Wengi wetu tulikua na mawe ya redio na tochi yaliyotoka kiwanda cha Eveready kule Nakuru, kabla hakijafungwa mwaka 2014. Mawe yalipokataa kuwasha tochi, mama hakuyatupa. Aliyatia kwenye saa ya ukutani, na saa ikaenda miezi mingi.

Siri ni kwamba balbu ya tochi ya zamani huvuta ampea 0.3 au zaidi, ilhali saa hutumia kiasi kidogo mno, chini ya elfu moja ya ampea. Mkondo ukiwa mdogo, kinacholiwa ndani ni kidogo pia. Hata desturi ya kuanika mawe juani ilikuwa na maana: joto huchangamsha kemikali na kupunguza ukinzani kwa muda, ingawa halirudishi nguvu iliyokwisha.

Wewe mwanafunzi waweza kujaribu. Pima mawe mawili yaliyounganishwa, kisha yapime tena yakiwa yanawasha balbu. Ukipata volti 3.0 kwanza, halafu 2.4 mkondo ukiwa ampea 0.3, zilizopotea ni 0.6. Gawanya kwa 0.3, na ukinzani wa ndani ni omu 2.

Nini huongeza ukinzani?

Betri ya gari ikiachwa bila chaji kwa muda mrefu, utando mgumu hushika bamba za risasi na kuziba njia. Maji yakipungua, sehemu ya bamba hubaki kavu. Baridi nayo hupunguza mwendo wa kemikali, na hii ndiyo sababu betri iliyozeeka hukuaibisha alfajiri ya Julai na si adhuhuri ya Februari. Halafu kuna unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye ncha. Huo uko nje ya betri, lakini hasara yake ni ile ile. Usafishe kabla hujailaumu betri.

Pima betri ikiwa kazini

Basi, siku utakaponunua betri iliyotumika, iwe Thika, Ruiru au kwingineko, usitosheke na namba ya kwanza. Omba betri ifungwe kwenye gari, na mita ibaki kwenye ncha zake. Washa taa kubwa na utazame. Kisha mwambie mwenzako apige stata, huku macho yako yakiwa kwenye mita. Betri nzima itashuka, lakini isiteremke chini ya volti 9.6 hivi. Ikianguka hadi 7 au 6, shika pesa zako mfukoni. Na kama imetoka kwenye chaji sasa hivi, iache itulie saa kadhaa kwanza, kwani chaji ya juu juu huipamba.

Tahadhari moja. Usijaribu kupima nguvu ya betri ya gari kwa kugusanisha ncha zake kwa waya au spana ili uone cheche. Gawanya 12.6 kwa omu 0.01: ampea zaidi ya 1,200 zaweza kupita mkononi mwako katika chuma hicho, zikakiyeyusha, na hewa inayotoka kwenye betri yaweza kulipuka na kukurushia asidi machoni.

Betri, mpenzi msomaji, ni kama rafiki. Wakati wa raha wote huonekana wema. Mjaribu siku ya kazi, kabla ya usiku ule utakapomhitaji.