Ulevi wa Jana na Siri za Serikali

Dhana niikutayo kila pembe, na inichoshayo kuliko zote, ni hii ya kwamba Mmarekani aliyewahi kushindwa na kileo, akakamatwa akiendesha gari hali amelewa au akalazwa ili atibiwe, amekwisha kukosa daima idhini ya kuaminiwa siri za serikali yake, na kwamba kwa sababu hiyo afichaye ndiye mwenye akili. Dhana hii haina asili. Mwongozo wa kutoa idhini hiyo, ulioanza kutumika mwaka 2017, una vifungu 13, na kile chenye herufi G, kihusucho pombe, hakimhukumu mtu kwa glasi alizokunywa, bali huuliza ni madhara gani yaliyozuka, na kama yaelekea kuzuka tena. Fomu namba 86, ijazwayo na mwombaji wa idhini, nayo humwuliza kama katika miaka 7 iliyopita pombe iliharibu kazi yake, fedha zake au maelewano yake na watu, au ilimkutanisha na polisi. Lakini shtaka lolote la ulevi huulizwa bila mpaka wa miaka, na hapo ndipo wengi hujikwaa, wakidhani la zamani limekufa.

Hapa siwezi kumpita Thomas Egan, maana jina lake hutajwa ovyo mno katika habari hizi za ulevi na idhini. Huyu aliajiriwa mwaka 1981 katika kituo cha kukarabatia nyambizi za Trident huko Bremerton, jimboni Washington. Mwaka 1983 Jeshi la Maji likamnyima idhini kwa hukumu zake za shambulio na za bunduki, kwa hukumu mbili ambazo hakuziandika katika maombi yake, na kwa kukiri kwake mwenyewe kwamba pombe iliwahi kumsumbua, hata siku 28 za mwisho za kifungo alizitumikia katika tiba ya ulevi. Alijibu kwamba amekwisha kulipa deni lake, na kwamba kwa miaka mitatu kileo hakikuwa tabu kwake, lakini maneno hayo hayakumfaa. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 3, ikaamua kwamba hakuna mwenye haki ya kudai idhini, wala bodi ya rufaa za watumishi haina mamlaka ya kuupima upya uamuzi ule. Wasemao kwamba Egan aliangushwa na chupa hawakuisoma hukumu: mahakama haikuupima ulevi wake hata kidogo.

Tumwache Egan, tutazame ithibati za kwamba mtu amebadilika. Cheti cha semina ya siku moja, kilichonunuliwa usiku wa kuamkia usaili, ni hirizi tu. Hakimu wa mashauri ya idhini husikiliza barua ya mtabibu aliyemjua mgonjwa, ushahidi wa mke au msimamizi wa kazi, na majibu ya kipimo cha damu kiitwacho PEth, kionyeshacho unywaji wa majuma yaliyopita. Wala si kila mtu alazimikaye kuacha kabisa. Aliyeshauriwa na mtabibu wake apunguze, akapunguza kweli, amefuata mwongozo. Bali aliyeambiwa aache, kisha akasimama kujisifu kwamba siku hizi hunywa bia mbili tu za Jumamosi, ametoa ushahidi juu ya nafsi yake.